Taa ya kuzuia kuteleza imewaka na haizimiki: jinsi ya kutafuta hitilafu ukiwa nyumbani

Maswali ya wenye magari kuhusu taa hii yanafanana sana. Gari linatembea vizuri na breki zinashika, lakini kwenye dashibodi imewaka alama ya gari dogo lenye mistari miwili iliyopinda nyuma yake, pengine pamoja na herufi VSC, TRC, VDC (majina ambayo watengenezaji huupa mfumo huu au sehemu yake) au neno OFF, na fundi wa kwanza aliyeulizwa ameshauri zinunuliwe sensa zote nne au kompyuta nzima ya ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kufunga unapokanyaga breki. Mwongozo huu unamlenga mwenye gari ambaye si fundi, hasa yule mwenye gari lililotumika Japani kabla ya kushushwa Dar es Salaam au Mombasa, kwa sababu magari ya namna hiyo ndiyo mengi katika barabara zetu na yana vikwazo vyake wakati wa kupimwa.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba mfumo wa kuzuia kuteleza una viungo vichache sana vilivyo vyake peke yake. Kasi ya kila gurudumu unaipata kutoka kwa sensa za ABS, uwezo wa kupunguza nguvu unaupata kutoka kwa kompyuta ya injini, na mwelekeo anaoutaka dereva unaupata kutoka kwa sensa iliyo ndani ya usukani. Taarifa moja kati ya hizo ikikosekana au ikitiliwa shaka, mfumo hujizima wenyewe na kuwasha taa. Taa inakuambia kuwa mfumo umejizima, haikuambii sababu. Kazi yako ni kuitafuta sababu hiyo kwa utaratibu, ukianza na vitu ambavyo kuvikagua hakugharimu chochote, na kutonunua kifaa hadi msimbo, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari, na kipimo vikubaliane.

Utakavyohitaji

- Kitabu cha gari. Kama kimeandikwa kwa Kijapani, programu ya simu inayotafsiri maandishi kwa kamera inatosha kukuonyesha mahali pa fyuzi na maana ya taa.
- Skana, yaani kifaa cha kusomea kompyuta za gari, inayosoma mfumo wa ABS. Vile vidude vidogo vya Bluetooth vya ELM327 vinavyouzwa kwa bei nafuu, kwa kawaida pamoja na programu za bure za simu, husoma injini peke yake. Aidha, magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya mwaka 2008 hayaongei na vidude hivyo kabisa. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama skana yake inasoma ABS ya modeli yako, na ikiwezekana ijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Kuazima au kukodi kwa saa moja ni uamuzi mzuri pia.
- Multimita ya kawaida inayopima volti na omu.
- Jeki, stendi mbili za chuma, vizuizi vya magurudumu na spana ya nati za gurudumu.
- Geji ya upepo, tochi, brashi laini na dawa ya kupulizia ya kusafishia viunganishi vya umeme.
- Karatasi na kalamu, na mtu mmoja wa kukusaidia.

Tahadhari kabla ya kuanza

Gari lisimame mahali tambarare pagumu, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Usiingize mwili wala mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, na usitumie matofali au mawe mahali pa stendi, kwa kuwa tofali hupasuka ghafla bila dalili yoyote. Kama gari lako ni la 4WD ya kudumu, kama zilivyo Subaru nyingi, usiwashe injini na kuingiza gia wakati baadhi ya magurudumu yako juu na mengine yako chini. Zungusha gurudumu kwa mkono tu.

Kuna hali moja ambayo haifai kusubiri wala kujifunzia. Ikiwa taa nyekundu ya breki imewaka pamoja na ya ABS na ya kuteleza, na breki ya mkono imeachiwa, ichukulie hiyo kuwa ni hitilafu ya breki zenyewe. Angalia mafuta ya breki mara moja, na kama pedali imelegea au inazama, gari lisitembezwe.

Hatua kwa hatua

1. Soma taa zote, usisome moja. Weka swichi ya ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini, na hakikisha taa zote za tahadhari zinawaka. Kisha washa injini, subiri kidogo, na uandike zile zilizobaki. Taa ya kuteleza inayopepesa unapokanyaga mafuta kwenye tope au lami iliyolowa inafanya kazi yake, na hapo hakuna hitilafu. Inayobaki imewaka bila kupepesa ndiyo tunayoitafuta. Kama imebaki pamoja na taa ya injini, anza kwa kushuku injini. Kama imebaki pamoja na taa ya ABS, anza kwa kushuku magurudumu na nyaya zake. Kama imebaki peke yake, shuku kwanza kitufe cha OFF, kisha usukani.

2. Kagua kitufe cha OFF. Magari mengi yana kitufe cha kuzima mfumo, na kitufe hicho hubonyezwa bila kujua na mtoto, na mwosha gari au na goti la dereva. Kwenye Toyota nyingi, kubonyeza mara moja huzima TRC, na kushikilia kwa zaidi ya sekunde tatu gari likiwa limesimama huzima na VSC pia. Bonyeza tena uone. Kama taa inazimika na kurudi yenyewe bila kuguswa, kitufe kinaweza kuwa kimeingia soda au vumbi.

3. Pima betri. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu gari linawaka vizuri, kumbe kompyuta ya ABS huwasha taa volti zikishuka hata kwa muda mfupi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima huonyesha karibu volti 12.6, ukikuta 12.2 au chini yake, betri imeisha nusu au zaidi. Injini ikiwa imewaka unatarajia kati ya 13.5 na 14.7. Kaza pia vichwa vya betri na usafishe ule unga mweupe au wa kijani, kisha angalia waya wa hasi mahali unaposhikana na bodi. Ikiwa taa ilianza mara tu baada ya betri kubadilishwa, nenda moja kwa moja hatua ya 9, kisha urudi hapa kama haikusaidia.

4. Mafuta ya breki na taa za nyuma. Kiwango kiwe kati ya alama za MIN na MAX. Kikiwa kimeshuka, usijaze tu na kuondoka: kagua pedi, kwa kuwa pedi zinavyokwisha ndivyo mafuta yanavyoshuka, na kagua kama kuna uvujaji. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Kisha mwambie msaidizi akanyage breki huku wewe ukiangalia nyuma. Swichi ya pedali ikiwa mbovu, kompyuta haijui kama unafunga breki au la, na huzima mfumo. Kwenye baadhi ya Toyota hata kubadilisha balbu za breki kuwa za LED kumewahi kuwasha taa hii; rudisha balbu za kawaida kabla hujatafuta mbali.

5. Tairi. Kompyuta hulinganisha mizunguko ya magurudumu manne. Tairi dogo, lililoisha upande mmoja au lililopungua upepo huzunguka haraka kuliko wenzake, na mfumo unaweza kulichukulia kuwa linateleza. Pima upepo tairi zikiwa baridi na ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Soma pia namba za ukubwa kwenye tairi zote nne. Mchanganyiko wa 215/60R16 mbele na 215/65R16 nyuma hauonekani kwa macho, lakini kompyuta inauona.

6. Soma misimbo ya hitilafu. Tundu la skana liko chini ya dashibodi upande wa dereva. Chomeka, weka swichi ON, na usome mfumo wa injini na wa ABS kila mmoja peke yake. Misimbo ya injini huanza na P, na ya breki na uthabiti huanza na C. Iandike yote kabla ya kufuta chochote. Kosa linaloharibu uchunguzi kuliko yote ni kufuta misimbo kwa matumaini kwamba taa haitarudi. Pamoja na msimbo huondoka kumbukumbu ya hali gari lilivyokuwa hitilafu ilipotokea, na hitilafu ya kuja na kuondoka inaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kujirudia.

Kwa Toyota, misimbo ifuatayo inakutosha kuanzia: C0200 ni sensa ya gurudumu la mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. C1241 ni volti ndogo, C1249 ni saketi ya swichi ya breki, C1231 ni sensa ya pembe ya usukani, na C1201 ni hitilafu iliyoko kwenye mfumo wa injini. Watengenezaji wengine hutumia namba zao, kwa hiyo tafuta maana ya msimbo kwa modeli na mwaka wa gari lako.

Kama huna skana na gari ni Toyota ya miaka iliyopita, ipo njia ya waya. Ukilitazama tundu, safu ya juu ni namba 1 hadi 8 kutoka kushoto, na ya chini ni 9 hadi 16. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, kisha weka ON na uitazame taa ya ABS. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna msimbo. Vinginevyo hupepesa tarakimu ya kwanza, hutulia kidogo, na kupepesa ya pili: 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Hesabu matundu mara mbili. Namba 16 ina umeme wa betri wakati wote, na kuiunganisha kimakosa na namba 4 kutaunguza fyuzi au zaidi ya hapo.

7. Kama kuna msimbo wa P au C1201, acha magurudumu. Kompyuta ya injini inapokuwa na hitilafu yake, huacha kuusaidia mfumo wa kuzuia kuteleza, na taa mbili au tatu huwaka kwa pamoja. Wenye Harrier, Mark X na Subaru hukutana na hali hii mara kwa mara na kudhani gari limeharibika kila mahali. Chanzo kinaweza kuwa koili au plagi inayokosa kuchoma, yaani P0300 na jamaa zake, au sensa ya oksijeni, au hata kifuniko cha tanki la mafuta kisichobana. Rekebisha hiyo kwanza. Mara nyingi taa ya kuteleza itazimika bila kuguswa.

8. Kama msimbo unataja gurudumu, kagua kwa macho kabla ya kipimo. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nenda polepole. Inua gurudumu lililotajwa, weka stendi, toa tairi, na ufuate waya wa sensa kutoka kwenye kitovu hadi unapoingia kwenye bodi. Tafuta mambo haya kwa mpangilio huu:

Kwanza, waya wenyewe. Baada ya kubadilisha shokamzoba au bushi, vibanio vya waya mara nyingi havirudishwi, na waya ukaachwa unasuguana na tairi au springi hadi ukakatika. Kiunganishi nacho huingia maji, hasa baada ya gari kupita kwenye maji ya mafuriko au kuoshwa chini kwa mashine ya presha. Kifungue, tazama kutu ya kijani, pulizia dawa, acha kikauke, kirudishe hadi kibane. Panya nao hutafuna nyaya za gari linalolala karibu na stoo ya nafaka.

Pili, ncha ya sensa. Udongo mfinyanzi ukikauka hapo, pamoja na chembe za chuma kutoka kwenye diski, hubadilisha nafasi kati ya sensa na pete inayozunguka na gurudumu, ambayo sensa huisoma. Safisha kwa brashi na kitambaa. Kama sensa imeshikwa na kutu kwenye tundu lake, usiivute kwa koleo, kwani itavunjika na utalazimika kununua ambayo hukuihitaji. Isafishe ikiwa palepale.

Tatu, pete. Pete ya meno hukaa kwenye shafti au kitovu, na ikipata ufa au jino likivunjika, ABS huweza kutetemesha pedali kwa mwendo mdogo wakati gari linakaribia kusimama, hata kwenye barabara kavu. Uliza pia historia ya gari. Madukani shafti huuzwa za ABS na zisizo za ABS, na fundi akifunga isiyo na pete, au yenye idadi tofauti ya meno, taa itawaka siku hiyohiyo na hakuna sensa mpya itakayoizima. Kwa beringi za kisasa zenye pete ya sumaku iliyofichwa upande mmoja, upande huo lazima uelekee kwenye sensa. Beringi iliyofungwa kinyume inazunguka vizuri kabisa lakini haitoi taarifa yoyote.

Baada ya kukagua, pima. Chomoa kiunganishi, swichi ikiwa imezimwa. Sensa za zamani zenye koili hupimwa kwa omu. Kwenye Toyota nyingi kipimo huangukia takriban kati ya omu 600 na 2,500, lakini kigezo bora ni kulinganisha na gurudumu la upande wa pili. Pima pia kati ya kila mguu wa sensa na bodi ya gari: pasiwe na njia ya umeme. Kisha weka multimita kwenye volti za AC na uzungushe gurudumu kwa mkono. Koili nzima hutoa volti ndogo inayopanda kadiri unavyozungusha haraka. Sensa za kisasa huhitaji umeme ili zifanye kazi, na kipimo cha omu hakisemi kitu juu yake. Kwa hizo, weka swichi ON na upime upande wa waya unaotoka kwenye gari: ukikuta volti zinazokaribia za betri, waya ni mzima na sensa ndiyo ya kushukiwa, usipokuta, wakati gurudumu la pili linazo, tatizo liko kwenye waya.

Kama skana yako inaonyesha data gari likitembea, ipe kipaumbele kuliko vipimo vyote hivyo. Msaidizi aishike skana, wewe uendeshe kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 40 kwa saa kwenye barabara tulivu iliyonyooka. Magurudumu matatu yatasoma sawa, na lenye kasoro litasoma sifuri au litarukaruka. Dereva asiitazame skana hata kidogo.

9. Usukani. Sensa ya pembe hupoteza nafasi yake ya katikati betri inapotolewa, au usukani unapowekwa upande baada ya kupima mpangilio wa magurudumu. Washa injini, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia, urudishe katikati, halafu endesha kwa dakika chache kwenye barabara iliyonyooka. Magari mengi hujirekebisha hapo. Yasiyojirekebisha yanahitaji skana yenye huduma ya kuweka sifuri, na wakati huo gari liwe mahali tambarare, magurudumu yamenyooka, na mtu yeyote asilitikise.

10. Futa misimbo na ujaribu. Baada ya marekebisho, futa, zima, washa tena, na uendeshe. Baadhi ya mifumo haizimi taa ya sensa hadi gari litembee na kompyuta ione kasi sahihi kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo taa iliyobaki ukiwa bado uani haimaanishi kwamba umeshindwa. Soma tena baada ya safari.

Makosa ya kuepuka

Usibadilishe sensa kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ili kujaribu, kwa kuwa urefu wa waya na umbo hutofautiana. Usikubali balbu ya taa ichomolewe au ifunikwe kwa gundi. Mnunuzi au dereva mwingine atalitegemea gari lenye mfumo uliozimwa bila kujua. Kumbuka vilevile kwamba taa ya ABS ikiwa imewaka, breki za kawaida zipo lakini magurudumu yanaweza kufunga unapokanyaga kwa nguvu, basi ongeza nafasi kati yako na gari la mbele hadi utakapotengeneza, hasa wakati wa mvua.

Ukikwama

*Skana haiunganishi kabisa.* Angalia fyuzi ya tundu, ambayo kwenye baadhi ya magari ni ileile ya kiberiti cha gari. Kama ni nzima, jaribu skana nyingine inayotaja magari ya soko la Japani.

*Msimbo wa sensa umerudi baada ya sensa mpya.* Pima waya kutoka kwenye kiunganishi hadi kompyuta ya ABS huku msaidizi akiutikisa, kisha rudi kwenye pete na beringi. Sensa za bei ya chini sana nazo huja zikiwa mbovu kutoka dukani, basi ipime mpya kama ulivyoipima ya zamani.

*Taa huwaka mvua ikinyesha na kuzimika jua likitoka.* Tafuta kiunganishi chenye maji au waya uliochubuka. Nyunyizia maji kidogo eneo moja baada ya jingine, ukisoma data kila mara.

*Taa huwaka asubuhi tu.* Rudia kipimo cha betri wakati wa kupiga stata. Volti zikianguka chini ya 10, anza hapo.

*Msimbo unataja pampu, vali au kompyuta yenyewe.* Kagua fyuzi kubwa za ABS zilizo ndani ya boneti na waya wake wa hasi, kisha usiende mbali zaidi. Usifungue mabomba ya breki nyumbani, kwa kuwa hewa ikiingia kwenye kitengo cha pampu na vali za ABS huenda isitoke bila skana inayoweza kuendesha pampu. Mpelekee fundi karatasi yako yenye misimbo, volti na vipimo vya omu, mwombe akuonyeshe data ya magurudumu manne kabla na baada ya kazi, na umtake akurudishie kifaa cha zamani.